Paspoti ya Mzanzibari huanzia kwenye jina

Kabla hujafungua kompyuta, kabla hujenda kupiga picha, tandika mkeka umwage karatasi zako zote juu yake: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya skuli, paspoti ya zamani kama unayo, na karatasi zozote za baba na mama. Sasa lisome jina lako kwenye kila karatasi herufi kwa herufi, kwa kijiti, kama mtoto wa chuoni aliyeanza alifu leo. Usisome jina, soma herufi. Macho yanajua kuwa wewe ni Mohamed, na yatakusomea Mohamed hata palipoandikwa Mohammed, Muhammed au Mohamedi.

Zoezi hili ni la robo saa. Asiyelifanya nyumbani atafanyiwa dirishani, mbele ya watu, na afisa mwenye foleni ndefu nyuma yako.

Wengi wetu tunaamini ugumu wa paspoti uko kwenye foleni ya Uhamiaji. Foleni inakwisha siku hiyohiyo. Kinachomrudisha mtu nyumbani mara mbili mara tatu ni herufi H iliyozidi au iliyopungua kwenye Khamis.

Serikali mbili, makarani watatu

Mtu wa Unguja au Pemba huandikwa na Serikali mbili. Usajili wa vizazi si jambo la Muungano, kwa hivyo cheti chako cha kuzaliwa ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Siku hizi anayekitoa ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa Sheria Nambari 3 ya 2018, na ndio huohuo unaotoa ZanID, yaani kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano: nambari ya NIDA na paspoti zinatoka upande huo. Mtu mmoja, basi, ameshaandikwa na makarani watatu kabla hajafika kuomba paspoti, na kila karani ana sikio lake.

Karani wa Wete akisikia Khamis anaandika Khamis. Mwengine aliyezoea tahajia ya Bara anaandika Hamisi, na haoni kosa, kwa sababu kwao ndivyo jina linavyoandikwa. Ali anakuwa Ally, Saleh anakuwa Salehe, Fatma anakuwa Fatuma, Khadija anakuwa Hadija, Othman anakuwa Athumani, Rajab anapata U ya mwisho. Binadamu akiyaona haya anacheka, anajua ni mtu mmoja. Mashine haina sikio. Kwake Ali na Ally ni watu wawili wasiojuana.

Kuna ushauri mmoja unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: kahakiki cheti chako RITA kwanza. RITA inashughulikia vyeti vya Tanzania Bara. Cheti cha Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa hapahapa, ambao una afisi katika wilaya. Usipande boti kwenda Dar es Salaam kuuliza habari ya cheti kilichotoka Mkoani, Pemba.

Na fomu za Muungano ukizikuta zinauliza kata au serikali ya mtaa, usibabaike. Kwako ni shehia, na barua ya utambulisho utaipata kwa Sheha.

Rekebisha kuanzia shinani

Ukikuta tofauti, mpangilio wa kuirekebisha ndio unaookoa muda. Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha ZanID, kisha NIDA, paspoti iwe ya mwisho. Wengi huenda kinyume: wanaona jina la NIDA limekosewa, wanakimbilia NIDA, wanadaiwa ushahidi, wanatoa cheti cha kuzaliwa ambacho nacho kina kosa jengine, wanarudishwa. Karatasi ya juu haiwezi kusahihishwa kwa karatasi ya chini iliyopinda.

Kuna pahala pamoja ambapo mimi hugeuza mpangilio huo. Cheti cha mtihani wa taifa ndicho kigumu kuliko vyote kubadilishwa jina. Kama umesoma hadi chuo kikuu na vyeti vyote vinasema Mohammed kwa M mbili katikati, na ni cheti cha kuzaliwa pekee chenye moja, usianze kubomoa nyumba nzima kwa ajili ya tofali moja. Lifuate jina la vyeti vya masomo, urekebishe cheti cha kuzaliwa kilingane nalo. Mwajiri wa nje na chuo cha nje wataweka paspoti na shahada upande kwa upande, na hapo hakuna wa kumueleza.

Na hati ya kiapo je? Kiapo cha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja kinaandikwa kwa wakili na kinasaidia mbele ya afisa anayeweza kukisoma. Lakini ni daraja la miti: linakuvusha leo, halijajenga barabara. Kaunta ya ndege Muscat au Doha hakuna anayesoma viapo. Kama safari ni moja na ya karibuni, kiapo kinatosha. Kama unakwenda kufanya kazi au kusoma, rekebisha.

Jambo jengine ni jina la ukoo. Sisi huandika jina letu, la baba, la babu. Kwenye paspoti lile la babu ndilo linalokaa pahala pa jina la ukoo. Kwa hivyo Fatma Ali Khamis atakuwa "Khamis" kwa dunia nzima, na akifika hospitali ya India atasikia anaitwa "Miss Khamis" na asigeuke. Usijibunie jina la ukoo la kabila au la mtaa kwenye fomu kwa sababu umeona jirani anatumia. Kama halimo kwenye cheti cha kuzaliwa, halimo. Vilevile mwanamke akiolewa kwetu habadilishi jina, na hilo ni neema. Usilibadilishe kwa kuiga watu, halafu vyeti vyote vya usichanani vikawa vya mtu mwengine.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Nambari ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Nambari inayoanza 19850314 inasema umezaliwa tarehe 14 Machi 1985. Itazame yako sasa hivi. Kama tarehe iliyomo si ya cheti chako, kosa limeingia ndani ya nambari yenyewe, na hilo halifutiki kwa kufuta herufi. Wazee ndio wenye balaa hili zaidi, wale waliozaliwa "mwaka wa mvua kubwa" na kila karani akawapa tarehe aliyoitaka yeye: huku Januari mosi, kule Julai mosi.

Karatasi za wazee

Paspoti ni hati ya raia, na uraia wa Tanzania uko wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi, yaani ule anaouomba mgeni akapewa. Kwa hivyo afisa hakuulizi wewe tu, anauliza na wazee wako. Unatakiwa upeleke cheti cha kuzaliwa cha mzazi, na kama hakuna, hati ya kiapo ya kuzaliwa kwake. Mzazi aliyepata uraia kwa tajnisi, kinatakiwa cheti chake cha tajnisi, na hapo kiapo hakitoshi.

Hapa visiwani jambo hili lina uzito wake. Nyumba nyingi zina babu wa Shihiri, wa Ngazija, wa Omani, wa Kutch. Si aibu na si kosa, lakini maswali yatakuja, na majibu yanayotofautiana ndiyo yanayochelewesha. Kaa na wakubwa wa nyumba kabla ya kwenda: babu alizaliwa wapi, alikuja lini, baba alizaliwa shehia gani. Andika. Mara nyingi mtoto anamwambia afisa "babu alitoka Mukalla" kumbe aliyetoka Mukalla ni baba wa babu, na babu mwenyewe kazaliwa Malindi hapahapa mjini.

Kwa mzee ambaye hajawahi kuwa na cheti, kuna usajili wa kuchelewa, nao unaanzia kwa Sheha. Unakwenda polepole. Ukianza nao wiki ambayo tiketi imeshakatwa, umechelewa.

Na kwa ndugu zetu wenye paspoti ya Omani au ya Uingereza: sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Aliyekwisha kuchukua uraia wa kwengine kwa hiari yake akiwa mtu mzima hana tena haki ya paspoti ya Tanzania, hata kama ya zamani bado haijaisha muda na iko kabatini. Kuitumia "kwa ajili ya kuingilia nyumbani tu" ni kosa, si ujanja.

Fomu, malipo, vidole

Maombi yanafanywa kwa mtandao kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji. Paspoti ya kawaida, ile ya rangi ya buluu yenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jalada, ni shilingi 150,000. Malipo yamegawiwa: 20,000 mwanzo kwa ajili ya fomu, na 130,000 baadaye unapowasilisha maombi. Inadumu miaka 10. Paspoti hizi za kielektroniki zilizinduliwa tarehe 31 Januari 2018, kwa hivyo za mwanzo kabisa ndizo zinazokaribia mwisho wa muda wake sasa. Kama yako ni ya mwaka huo, hesabu.

Malipo yanapita kwenye nambari ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanzia na 99, kwa simu au benki. Asikwambie mtu "nitumie kwenye simu yangu, mimi ndiye ninayelipa kule." Fedha ya Serikali haipiti kwenye simu ya mtu. Vijana wa vibanda vya kompyuta wanajaza fomu vizuri na wana haki ya ujira wao, lakini kaa naye kwenye kiti, usome kila kisanduku kabla hajabonyeza kutuma. Yeye anaandika anavyosikia, na tumeshasema habari ya masikio. Nambari ya ombi iandike pahala pawili. Bila hiyo huwezi kurudi kwenye fomu yako. Simu na barua pepe ziwe zako, zisiwe za kibanda.

Skani za vyeti ziwe za cheti chenyewe, si kivuli chake. Piga pahala penye mwangaza, pembe nne zote zionekane, muhuri usomeke. Na tafadhali, cheti kisipitishwe kwenye plastiki ya moto. Watu wanalamineti vyeti wakidhani wanavihifadhi. Muhuri haukaguliki tena, na balozi nyingine hazikubali kugonga muhuri juu ya karatasi ya namna hiyo. Mfuko wa plastiki wa kawaida unatosha.

Picha iwe ya karibuni, nyuma yake rangi ya buluu hafifu. Uso wote uonekane, kidevu hadi paji, na pembe zote mbili za uso. Mtandio unaruhusiwa; tatizo lake ni kivuli unachotupa kwenye paji na shavuni, kwa hivyo uvutwe nyuma kidogo na taa ije mbele, siyo juu. Anayevaa nikabu atafunua uso. Wanaume vueni kofia, mtaokoa mabishano. Picha hii isichanganywe na ya viza: Marekani wanataka mraba wa milimita 51 kwa 51 na nyuma nyeupe, nchi za Schengen milimita 35 kwa 45. Ukipiga moja ukadhani umemaliza, utarudi studio.

Kisha vidole. Hili halimo kwenye fomu lakini linawarudisha watu, hasa kina mama. Mashine ya alama za vidole inasoma matuta na mabonde ya ngozi. Hina iliyokolea kwenye ncha za vidole, na piko zaidi, inabadilisha rangi na kuziba yale mabonde, mashine ikaona kiza. Kama kuna harusi na kuna paspoti, paspoti itangulie, au hina ikomee kwenye kiganja na nyuma ya mkono, ncha ziachwe. Ikishapakwa hakuna dawa ya uhakika ila kungoja ngozi ijibadilishe, na hiyo ni wiki mbili tatu.

Wengine ngozi imeliwa na kazi. Wanaolima mwani Paje na Jambiani, vidole vinakaa kwenye maji ya chumvi na kufunga kamba siku nzima. Wanaopiga makumbi na kusokota kamba, wanaochoma chokaa, wajenzi wa saruji: matuta yamelainika kama sabuni ya jana. Pumzisha mikono wiki moja ukiweza, pakaa mafuta ya nazi kila usiku, na asubuhi ya kwenda osha kwa sabuni ufute vizuri. Kidole kikavu sana hakisomeki na chenye mafuta hakisomeki. Kinachotakiwa ni unyevu wa kawaida. Afisa akisema bonyeza, usikandamize kama unagonga muhuri wa karafuu. Ukikandamiza sana matuta yanalala.

Pemba kuna afisi za Uhamiaji za mikoa yote miwili, Chake Chake na Wete. Ulizia huko kwanza kabla ya kukata boti ya Unguja.

Ikishatoka, usiondoke dirishani

Paspoti ikiwekwa mkononi, watu huibusu wakaitia mfukoni. Ifungue. Soma ukurasa wa picha papo hapo, kwa kijiti kilekile.

Anza chini kabisa. Kuna mistari miwili yenye herufi kubwa na alama za <, kila mmoja una nafasi 44. Huko ndiko mashine inakosoma. Maandishi mazuri ya juu ni ya binadamu. Mstari wa kwanza unaanza na P ya paspoti, baadaye TZA, halafu jina la ukoo, alama mbili, na majina mengine. Fatma wetu ataonekana hivi: KHAMIS<<FATMA<ALI. Ukiona ALI<<FATMA<KHAMIS, majina yamekaa vibaya, na hapo dirishani ndipo pa kusema.

Mstari wa pili una nambari ya paspoti, TZA tena, tarehe ya kuzaliwa, jinsia na tarehe ya mwisho. Tarehe zinaanza na mwaka. Aliyezaliwa 14 Machi 1985 ataona 8503149, aanze kulalamika kuwa wamemzidishia tarakimu. Hawajamzidishia. Ile 9 ya mwisho ni ya ukaguzi, na unaweza kuihesabu mwenyewe: chukua 8, 5, 0, 3, 1, 4, uzidishe kwa 7, 3, 1, 7, 3, 1 kwa mfuatano huo. Unapata 56, 15, 0, 21, 3 na 4. Jumla 99. Gawanya kwa 10, inabaki 9. Mtu akigeuza 8503 kuwa 8603 kwa kalamu, hesabu haikubali tena na mashine inalia. Huu ni mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na unafanya kazi namna mojamoja kwa paspoti za nchi zote.

Mistari hiyo ina kazi nyengine ambayo wengi hawaijui. Ndani ya paspoti kuna chipu, ndiyo maana jaladani pana alama ya kisanduku chenye duara kati. Chipu haifunguki kwa kila mashine inayopita karibu. Ufunguo wake unatengenezwa kutokana na nambari ya paspoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho, zinavyosomwa kwenye mstari wa pili. Mstari ukichubuka, ukipata doa la chai au wino wa mtoto, mashine haipati ufunguo na chipu inabaki kimya. Hapo unavutwa pembeni, na ndege haingojei mtu aliyevutwa pembeni. Usipige matobo, usibane kwa pini ya stepula, usikunje jalada kuelekea nyuma.

Tiketi na miezi sita

Wakala wa tiketi akikuuliza jina lako kwa simu, usimtajie. Mpigie picha ukurasa wa picha umtumie, na aandike kutoka kwenye mistari ya chini. Tiketi ikirudi imeandikwa KHAMIS/FATMAALI MRS, hiyo ni sawa. Mifumo ya ndege huunganisha majina. Ikirudi FATMA/ALI KHAMIS, ukoo umekosewa, irudishwe siku hiyohiyo. Kuibadilisha siku ya kwanza ni rahisi, kuibadilisha kwenye kaunta uwanjani ni kununua nyengine.

Muda wa paspoti una hesabu yake. Nchi nyingi tunazokwenda, za Ghuba na India zikiwemo, zinataka paspoti iwe na miezi sita mbele. Paspoti inayokwisha tarehe 20 Septemba, ukitaka kutua tarehe 1 Aprili, imebaki miezi mitano na siku 19, na utazuiwa hapahapa kaunta ya Unguja. Wa kukuzuia ni shirika la ndege, kwa sababu wakikufikisha ukakataliwa wao ndio watakaokurudisha. Kwa hivyo paspoti ya miaka 10, ichukulie ni ya miaka tisa na nusu. India wanataka pia kurasa mbili tupu, na hata kama tarehe ipo, kurasa zikijaa umekwama.

Wanaopeleka wagonjwa India: kila msindikizaji anahitaji paspoti yake na viza ya msindikizaji wa mgonjwa, na wanaokubaliwa ni wawili, hawazidi. Barua ya hospitali ya kule iandikwe jina la mgonjwa kama lilivyo kwenye paspoti. Daktari wa hapa akiandika "Bi Asha Mzee" kwenye rufaa na hospitali ikaliiga, utaanza upya na mgonjwa yuko kitandani.

Kadi ya homa ya manjano ni hati ya safari nayo, na watu huisahau. Inaanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Tangu 11 Julai 2016 chanjo moja ni ya maisha, kwa hivyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 haijafa. Usichomwe tena bure. Ukirudi nyumbani kupitia Nairobi au Addis Ababa unaweza kuulizwa. Wanaokwenda Hija au Umra waongeze chanjo ya homa ya uti wa mgongo, isiyopungua siku 10 kabla ya kufika.

Kwenda Mombasa nako kunahitaji hati. Kwa kuwa ni ng'ambo hapo tu na tuna jamaa huko, mtu anaona kitambulisho cha NIDA kinatosha. Hakitoshi: makubaliano ya kuvuka kwa vitambulisho ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Sisi tunakwenda bila viza, lakini kwa paspoti au hati ya dharura ya safari, ambayo ni rahisi zaidi na ina mipaka yake ya muda na ya nchi.

Watoto, na mama asiyechangia jina

Kila mtoto na paspoti yake, hata wa miezi mitatu; mambo ya kumuandika ndani ya paspoti ya mama yamekwisha. Kinachotushika sisi ni majina. Mama ni Mwanakhamis Juma Haji, mtoto ni Salum Ali Khamis. Hawana hata jina moja wanalochangia. Afisa wa Ulaya, aliyezoea mama na mtoto kuwa na jina moja, ataona mwanamke kambeba mtoto wa watu. Mama abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina lake, tafsiri ya Kiingereza kama kimeandikwa kwa Kiswahili, na barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili, pamoja na kivuli cha paspoti au kitambulisho cha baba.

Kuitunza, na ikipotea

Hewa yetu ya chumvi inakula karatasi. Paspoti isikae kwenye droo ya ukuta wa chokaa unaotoa maji masika. Ikae kabatini juu, kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, bila nafthalini ndani yake. Kivuli kimoja kibaki kwa mtu wa nyumbani, na picha ya ukurasa wa taarifa iwe kwenye simu na kwenye barua pepe.

Kwa wanaokwenda kazini Ghuba: paspoti ni mali ya Serikali ya Tanzania, wewe umeazimwa, na mwajiri hajaazimwa chochote. Akiidai "kwa usalama," mpe kivuli. Akiichukua kwa nguvu, Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh na Abu Dhabi, na nambari zao za simu ziandike kwa mkono kwenye kitabu, kwani simu ndiyo kitu cha pili kuchukuliwa.

Ikipotea nyumbani, nenda polisi upate ripoti, ndipo uende Uhamiaji. Ukiwa nje, polisi wa kule, kisha ubalozi kwa hati ya dharura ya kurudia. Na hapa wengi huteleza: paspoti ikisharipotiwa, nambari yake huingizwa kwenye orodha ya Interpol ya hati zilizopotea na kuibiwa, ambayo ipo tangu 2002 na viwanja vya nchi nyingi huitazama. Wiki ya tatu mtu anainua godoro, anaikuta, anashukuru, anaikatia tiketi. Kitabu kile kimeshakufa, hata kama picha inang'ara na tarehe bado. Kipeleke Uhamiaji ulikokiripoti, usafiri kwa kipya.